Babu yako hajachanganyikiwa, Homa Bay kweli ilikuwa na redio yake 1982

Swali lako nalifupisha ili wengine pia wafuate. Babu yako anasema mwanzoni mwa miaka ya themanini mji wa Homa Bay, kando ya ziwa Victoria, ulikuwa na stesheni yake ya redio, inaongea Dholuo, lugha ya Waluo, watu wanaisikiliza jioni, alafu siku moja ikanyamaza na hakuna aliyekuja kueleza. Wewe ukamwambia haiwezekani, FM za watu binafsi Kenya zimeanza 1996 na zile za Dholuo zikafuata baadaye, yeye akakucheka tu. Sasa unauliza nani yuko sawa, na kama hiyo redio ilikuwepo, ilianzaje na iliishia wapi.

Jaduong', yaani mzee wako, yuko sawa. Wewe pia hujapotea sana, ni vile tu umehesabu redio za biashara ukasahau kwamba kuna aina nyingine. Redio ya Homa Bay ilienda hewani Mei 1982, UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, ikisaidia na Voice of Kenya, ile VoK ya zamani, redio ya taifa, ikiwa ndio mwenyeji. Ilikuwa inatangaza kwa Dholuo masaa mawili kwa siku, kwa FM ya nguvu ndogo, na mitambo yote jumla haikufika dola 25,000, ambayo kwa stesheni nzima ni pesa kidogo sana, hata kwa hesabu ya wakati huo. Serikali ikaifunga 1984. Kwa hivyo iliishi miaka miwili na kitu, basi. Na hiyo redio ndogo ndiyo wanaofuatilia mambo haya wanaitaja kama redio ya kwanza ya jamii Afrika, mji wa kando ya ziwa ambao wakati huo Wakenya wengi wa mbali wangeutafuta kwa ramani.

Sasa nieleze vizuri maana ukisema "ilikuwa ya kwanza" ukaachia hapo hujasema kitu.

Kwanza lugha. Watu hudhani ajabu ya Homa Bay ilikuwa Dholuo kusikika redioni. Hapana. Redio Kenya ilianza Nairobi 1928, ikiwa ya walowezi na kwa Kiingereza. Waafrika walikuja kutangaziwa kwa lugha zao wakati wa vita vya pili vya dunia, kwa sababu serikali ya mkoloni ilikuwa na vijana wao vitani na ilibidi iongee na wazazi waliobaki nyumbani. Alafu katikati ya miaka ya hamsini wakafungua stesheni za mikoani, Sauti ya Mvita kule Mombasa, Mount Kenya kule Nyeri, na Kisumu kukawa na ile waliyoiita Lake Station. Kwa hivyo Dholuo ilikuwa hewani kitambo, hata uhuru haujafika. Tarehe 1 Julai 1964 serikali mpya ikataifisha shirika la utangazaji ikaliita Voice of Kenya, na kuanzia hapo redio yote ya nchi ikawa ni idara ndani ya wizara ya habari. Mtangazaji ni mfanyakazi wa serikali kama vile karani wa ardhi. Lugha za nyumbani zilipewa masaa yao, lakini habari zenyewe zilikuwa zimepikwa kule juu, unaletewa kwa lugha yako chakula ambacho hukuulizwa unakula nini.

Kitu pekee cha kijijini kilichopita redioni kila siku ni matangazo ya vifo. Muulize babu yako, atakuimbia ile sauti. Mtu amekufa Nairobi ama Mombasa, familia inalipia tangazo, na kule nyumbani watu wananyamaza kimya wakisubiri kusikia jina, mwili utasafirishwa lini, ndugu wa marehemu ni kina nani na wako wapi. Hiyo ilikuwa redio ya taifa ikifanya kazi ya redio ya mtaa, na ilikuwa inaifanya kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuifanya. Mimi huwa nasema ukitaka kujua mahali panahitaji redio yake ndogo, angalia ni mambo mangapi ya majirani yanapitia mji mkuu kwanza ndio yamfikie jirani.

Homa Bay ilibadilisha hapo. Dholuo ilikuwepo tayari, ila sasa aliyeongea na aliyesikiliza walikuwa wanaona ziwa lile lile.

Wazo lilitoka wapi? Hapa UNESCO inaingia. Miaka ya sabini nchi za dunia ya tatu zilikuwa zinalalamika kwamba habari zinatembea njia moja tu, kutoka miji mikubwa ya ulaya na Marekani kuja kwetu, na sisi hatusikiki. UNESCO ikaunda tume, mwenyekiti wake Seán MacBride wa Ireland, ikatoa ripoti 1980, na mkutano mkuu wa UNESCO uliofanyika Belgrade mwaka huo huo ukaijadili. Sasa kuna jambo wale viongozi wetu walilipenda kwa ile hoja na kuna upande wake hawakuupenda, maana kama unalalamika London inaongea na Nairobi haisikiki, mtu wa Mbita, mji mdogo kule ziwani, naye anaweza kukuuliza, na Nairobi inaongea mimi nasikika wapi? Homa Bay ilikuwa jaribio la hilo swali la pili. Walitaka kuonyesha redio inaweza kuwa rahisi kiasi kwamba mji mdogo ukawa nayo, sio mnara mkubwa na jengo la ghorofa na askari getini.

Na ilikuwa rahisi kweli. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio kazi yangu na ndio mahali watu hukosea wakisimulia hii hadithi. VoK ilikuwa inafikia nchi nzima kwa masafa ya kati na masafa mafupi. Masafa ya kati yanataka mnara mrefu sana, ardhi yenye nyaya zilizofukiwa chini, na umeme wa kilowati nyingi. Hicho ni kitu cha serikali, mji hauwezi kukibeba. FM ni tofauti. Mawimbi yake ni mafupi, kwa hivyo antena ni vipande vya bomba ambavyo mtu mmoja anaweza kubeba begani, na transmita yenyewe, ule mtambo wa kurusha mawimbi, inaweza kuwa na wati 10 tu, yaani chini ya balbu ya zamani ya chumbani. Unaongeza maiki mbili tatu, mikisa ndogo, rekoda za kaseti, paa lisilovuja, una redio.

Bei yake unailipia kwa njia nyingine, FM haipindi. Inaenda moja kwa moja kama macho, mahali antena "inapaona" ndio inafika, mlima ukisimama katikati imekwisha. Kuna hesabu ya haraka mafundi hutumia: chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1, unapata kilomita mpaka upeo wa mawimbi. Mlingoti wa mita 30 unakupa kilomita 22 na kitu. Ukiiweka juu ya kilima, tuseme mita 150 juu ya bonde, inakuwa kilomita 50. Ona hapo umeongeza kimo peke yake, umeme hujagusa. Ukitaka kwenda mbali mara mbili kwa kuongeza nguvu inabidi uiongeze mara nne, na hiyo ni pesa, lakini kilima ni cha Mungu. Hiyo ni hesabu ya upeo tu, kwa vitendo wati 10 na redio ndogo ya mkononi utasikia vizuri kilomita 10, 15, labda 20 mahali ni wazi, baada ya hapo kunakuwa na mikwaruzo.

Sasa chukua hiyo hesabu uipeleke Homa Bay unayoijua wewe. Mbele kuna maji, na maji hayana kilima, mawimbi yanateleza juu ya ghuba ya Winam bila kizuizi, kwa hivyo mvuvi aliye majini anaweza kusikia vizuri kuliko mtu aliye nchi kavu umbali ule ule. Nyuma ya mji una Got Asego, upande wa Kendu una mlima Homa unaopita mita 1,700, na ukienda kusini mashariki ardhi inapanda kuelekea Kisii. Kila mlima una kivuli chake. Kwa hivyo watu wawili wa kijiji kimoja wanaweza kukuambia mambo tofauti kabisa, huyu alisikia kila siku, huyu hakuwahi, na wote wanasema kweli. Nikisoma watu wakibishana kama hiyo redio "ilikuwa inasikika Nyanza yote" huwa nacheka. Haikuwa ya Nyanza yote, na haikukusudiwa.

Kizuizi kingine ni redio zenyewe za nyumbani. Redio nyingi za bei nafuu za miaka ile zilikuwa na masafa ya kati na masafa mafupi tu. FM ulikuwa unaipata kwa redio kaseti kubwa kubwa, zile ambazo kijana akitoka mjini Disemba anaingia nazo kijijini ameziweka begani. Kwa hivyo unaweza kuwa na stesheni nzuri iko kilomita tatu kutoka kwako na usiisikie maisha yako yote kwa sababu kisanduku chako hakina hiyo laini. Watu wa kupanga miradi husahau jambo hili mpaka leo, wanahesabu mnara hawahesabu masikio.

Alafu hayo masaa mawili. Kuna mtu aliwahi kuniambia "masaa mawili tu, hiyo nayo ni redio?" Nikamwambia jaribu wewe. Masaa mawili kila siku ni masaa 14 kwa wiki, na kama sio kupiga rekodi za muziki tu bali ni kutoka na kaseti kwenda kwa watu, kurekodi, kurudi, kukata, kupanga, basi nusu saa moja ya maneno mazuri inakula siku nzima ya watu wawili. Enzi za kaseti ulikuwa unakata kwa kunakili kutoka rekoda moja kwenda nyingine, unabonyeza pozi kwa kidole, ukikosea nusu sekunde unaanza tena. Nilianza kazi kwa stesheni moja ndogo ambayo sitaitaja, meneja akatuamuru tuwe hewani masaa 18 kwa siku tukiwa watu watano, na matokeo yake ni kwamba masaa 16 yalikuwa nyimbo na salamu, na yale mawili yaliyobaki yalikuwa habari tulizosoma kutoka gazeti la jana. Masaa mawili ya kwako mwenyewe ni mengi.

Sasa tuje kwa kufungwa, maana hapo ndipo swali lako lilipo hasa.

Angalia tarehe. Mei 1982 redio inaanza. Mei hiyo hiyo Jaramogi Oginga Odinga, mwanasiasa mkubwa wa Waluo, anafukuzwa KANU, chama tawala, baada ya kuanza kuongea mambo ya chama kipya. Juni bunge linapitisha kile kifungu cha 2A, Kenya inakuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Jumapili tarehe 1 Agosti alfajiri wanajeshi wa anga wanajaribu kupindua serikali, na mapema kabisa wanakimbilia studio za VoK Nairobi. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela anachukuliwa kwake usiku usiku anapelekwa kusoma tangazo kwamba serikali imepinduliwa, nchi nzima inasikia sauti ile ile inayoizoea kwa vipindi vya raha ikisema maneno hayo. Masaa machache baadaye wanajeshi watiifu wanairudisha stesheni na redio inatangaza kwamba rais Moi bado yuko. Kwa hivyo siku ile wakubwa wote walijifunza somo moja, anayeshika maiki asubuhi anaweza kushika nchi mpaka saa sita mchana. Kiongozi wa lile jaribio, Hezekiah Ochuka, alikuwa Mluo, na kuanzia hapo Nyanza nzima ikawa inaangaliwa kwa jicho la pembeni.

Sasa wewe fikiria ni waziri, Agosti 1982, mtu anakuambia kuna transmita Homa Bay, inaongea Dholuo, wenyeji wanaenda kuongea humo wenyewe, ina miezi mitatu. Ungelala?

Ajabu kwangu sio kwamba ilifungwa. Ajabu ni kwamba ilidumu mpaka 1984. Na usomaji wangu ni huu: siasa ndiyo iliyotoa sababu, lakini muundo wake ndio uliorahisisha. Redio ilikuwa ni ya VoK. Transmita ya VoK, masafa ya VoK, wafanyakazi mshahara wao unatoka wizarani. Wenyeji walikuwa sauti tu, hawakuwa wenye nyumba. Kwa hivyo kuifunga hakukuhitaji polisi wala kesi wala sheria mpya, ilihitaji mtu mmoja Nairobi aamue, kama unavyohamisha karani kutoka ofisi moja kwenda nyingine. Ndio maana babu yako anakumbuka kimya na hakumbuki purukushani. Hakukuwa na mlango wa kuvunja, ufunguo ulikuwa kwa yule anayefunga tangu siku ya kwanza.

Na msaidizi naye, yaani UNESCO, alikuwa na shida zake. Zile hoja za habari kutembea njia moja zilikuwa zimeiletea UNESCO maadui wakubwa, Marekani ikatangaza itajiondoa na ikatoka mwisho wa 1984, Uingereza ikafuata mwaka uliofuata. Sisemi hilo ndilo lililofunga Homa Bay. Nasema tu mwaka ule ambao ile redio ilikuwa inahitaji mtu wa kuipigania, aliyeileta alikuwa anapigania roho yake mwenyewe.

Linganisha na kwingine uone ninachomaanisha. Bolivia wachimba madini walianza redio zao mwishoni mwa miaka ya arobaini, zamani sana kuliko sisi, na walikuwa wanakatwa mshahara wao wenyewe kuziendesha. Mwaka 1980 jeshi lilipopindua serikali, redio za wachimbaji ziliungana zikaendelea kutangaza mpaka askari wakafika kuzivamia moja moja. Ona tofauti, pale ilibidi wanajeshi waende mpaka migodini. Colombia kuna mji mdogo milimani unaitwa Sutatenza, padri mmoja, José Joaquín Salcedo, alianza redio pale 1947 kufundisha wakulima kusoma na kuandika, ikakua mpaka ikasikika nchi nzima, lakini ilikuwa ya kanisa, kanisa ndilo lilikuwa na ufunguo. Na Ufilipino, miaka kama kumi baada ya Homa Bay, UNESCO hao hao walisaidia mradi wa redio ndogo ndogo ulioitwa Tambuli, safari hii kila mahali pakawa na baraza la watu wa pale la kuisimamia stesheni. Ukiniuliza mimi nitasema mtu alikuwa amekaa chini akajiuliza mambo yaliharibika wapi mara ya kwanza.

Hapa kwetu jibu lilichukua miaka ishirini. VoK ikabadilishwa ikawa KBC, Kenya Broadcasting Corporation, 1989, lile jina la kabla ya 1964 likarudi. Kifungu cha 2A kikafutwa Disemba 1991. Capital FM ikaja 1996, hiyo ndiyo tarehe uliyokuwa unamtupia babu yako, alafu Kameme kwa Gikuyu 2000, Ramogi kwa Dholuo ikafuata, na watu wakaanza kuamini kwamba redio za lugha za nyumbani zilizaliwa siku hiyo. Hizi ni redio kubwa lakini, biashara, zinaongea lugha ya nyumbani kutoka studio za Nairobi na kusikika kaunti nyingi. Sizidharau, zimefanya kazi kubwa. Ila ng'ombe akipotea Rangwe, huko kijijini, usitegemee zitamtangaza.

Redio iliyorudi kwa wazo la Homa Bay kwa maoni yangu ni Mang'elete, kule Nthongoni, Makueni, karibu na barabara ya Mombasa, ambayo ilienda hewani 2004 inaongea Kikamba. Angalia nani alikuwa mwenyewe: vikundi 33 vya akina mama. Hivi vilikuwa vikundi vya kawaida, vile vya kuchangishana na maji na mbuzi, na vilikuwepo kabla ya redio. Walihangaika na leseni kwa miaka, shirika la EcoNews Africa likiwashika mkono, na walipopata, leseni ilikuwa ya kwao. Baadaye 2006 Koch FM ikafunguliwa Korogocho ndani ya kontena, na huko ziwani kwenu kisiwa cha Mfangano wakaja kuwa na redio yao ndogo pale Ekialo Kiona, inaongea Kisuba, lugha ambayo watoto wengi wa visiwani walikuwa wanaiacha wakihamia Dholuo. Hilo la Kisuba hunifurahisha sana kwa sababu limemgeuzia swali yule yule Mluo aliyelalamika Nairobi haimsikii, sasa naye ameulizwa na jirani yake mdogo.

Sheria yenyewe ilichelewa zaidi. Ni 2009 ndio sheria ya mawasiliano ya Kenya ilikuja kugawa utangazaji mafungu matatu, wa umma, wa biashara na wa jamii. Yaani kuanzia Homa Bay ifunguliwe mpaka nchi iwe na jina la kisheria la kuiita ile kitu, miaka 27. Jambo dogo? Sio dogo, maana kitu kisicho na jina kwenye sheria hakina pa kwenda kulalamika kikifungwa.

Kwa hivyo ukirudi kwa babu mwambie amekushinda. Alafu usiishie hapo, kaa naye umrekodi na simu, kwa sababu karatasi zinazoelezea Homa Bay zimeandikwa na wataalamu wa mradi, zinasema dola ngapi na masaa mangapi, na aliyekuwa anasikiliza hajaandikwa popote. Usimuulize "redio ilikuwaje", atakujibu "ilikuwa nzuri" na mtakuwa mmemaliza. Muulize redio aliyokuwa nayo ilikuwa ya aina gani na ilikuwa na FM ama alikuwa anaenda kusikiliza kwa mwenye nayo, maana hapo ndipo utajua walikuwa wanasikiliza watu wangapi kwa kisanduku kimoja. Muulize alikuwa amekaa wapi, upande gani wa Asego, nikipata jibu hilo mimi naweza kukuchorea ramani nzuri kuliko iliyo kwenye ripoti yoyote. Muulize kama kuna mtu anayemjua aliwahi kusikika humo, na aliongea nini, na watu wa nyumbani walimwambia nini aliporudi.

Na kama kwa bahati kuna mtu kijijini alirekodi kipindi kwa kaseti, watu walikuwa wanafanya hivyo, hasa kukiwa na nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Waluo, tafadhali usiiweke kwenye redio kaseti ya zamani uone kama inalia. Kanda ya miaka arobaini inaweza kukatika ama kunasa mara ya kwanza tu. Iangalie kwanza kama ina ukungu, meupe meupe kwenye kingo, ukiona hivyo iache mpelekee mtu anayejua. Kama ni safi, izungushe kwa kalamu pole pole mpaka mwisho na irudishe ili ilegee, safisha kichwa cha rekoda kwa spiriti, na uiunganishe na kompyuta kabla ya kubonyeza, ili ikilia mara moja tu iwe tayari imeshikwa. Ikisikika vibaya usirekebishe, hifadhi ile ile ilivyo na mikwaruzo yake, usafi utafanywa kwa nakala.

Swali la mwisho la kumuuliza ni lile mimi mwenyewe ningependa jibu lake kuliko yote: jioni ile ya kwanza alipowasha na hakusikia kitu, alifikiri ni nini kimeharibika? Redio yake, au?